Sufuria liitwalo Rachida

Saa mbili asubuhi Bi Zaida Faquir ameingiza kichwa na mabega ndani ya sufuria kubwa, uani kwake mjini Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na anasugua ukoko wa pilau ya harusi ya jana kwa mchanga na kipande cha gunia. Sauti yake inatoka humo ndani, nzito. "Karibu, mwanangu. Kaa pale pasipo na masizi, kama utapaona."

Hapaonekani. Masizi yako ukutani, mlangoni, hata kwenye kamba ya nguo, na suruali ya mwandishi wa makala haya ni shahidi mpaka leo.

Sufuria likishatakata analigeuza kifudifudi, anapiga picha ya kitako chake kwa simu, kisha anapanda juu yake miguu mitupu na kuinua mkono. Mtandao, au rede kama wasemavyo watu wa hapa, haufiki chini. Hufika hapa tu, pembeni mwa ukuta wa choo, kwa mtu aliyesimama juu ya sufuria. Anasubiri. Halafu anaandika kwa kidole kimoja: Bi Kulthumu. Lipo. Palma.

"Ameshaingia kulala huyo," anasema akishuka. Anamaanisha sufuria.

Bi Zaida, mwenye umri wa miaka hamsini na moja, ni mpishi na mkodishaji wa vyombo vya shughuli: masufuria, miiko mirefu, masinia na majamvi. Harusi, akika, maulidi, hitima, ni nadra watu wengi kulishwa mjini hapa bila mkono wake kupita. Kila sufuria likitoka kwake huligonga mara moja kwa mwiko na kusema maneno yale yale: "La watu hilo, lirudi kwa watu." Wateja humcheka. Wengine huyasema pamoja naye kwa kumwigiza sauti, naye huwaacha wafurahi.

Kila sufuria kubwa lina jina. Bi Kulthumu ni wakfu wa bibi mmoja aliyefariki zamani. Mzungu ni lile jembamba, linaloungua upesi. Rachida lilinunuliwa Mtwara na marehemu mumewe, Aiuba, kwa ajili ya akika ya mtoto wao wa pekee, likapewa jina la mtoto. Na kwa kuwa yana majina, watu wa Palma huyazungumzia kama wanavyozungumzia jirani. Hawaulizi sufuria liko wapi. Huuliza, "Kulthumu yupo? Ametoka? Atarudi lini?"

Mwezi wenye harusi nyingi humpatia meticais elfu nne, au zaidi kidogo. Ramadhani, watu wasipooa, hupata anachopata. Lakini ukimuuliza shida zake hataji fedha kwanza.

"Nimezoea mwiko mrefu, siwezi tena kupika kidogo," anasema. "Nikirudi hapa kwangu napika, chakula kinabaki. Kinabaki kila siku. Kuku wa Nazira wamenenepa kwa ajili yangu."

Nazira ni jirani yake wa upande wa pili wa uzio. Ndiye mtu pekee anayeingia ua huu bila kuja kuazima kitu.

Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, Rachida wa Bi Zaida alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Mchana ule mama yake alimtuma mtaa wa pili, kwenye nyumba iliyokuwa na akika, akachukue sufuria lililokuwa limeazimwa. Sufuria lenyewe lilikuwa Rachida.

"Nilimtania. Nikamwambia, nenda kamlete mwenzio, ameshazoea nyumba za watu." Bi Zaida anakunja kile kipande cha gunia, anakikunjua. "Hakuwa amefika mbali milio ilipoanza."

Bi Zaida alikimbilia kijiji cha Quitunda na umati, halafu akapata boti ya kwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo. Huko alizunguka kwenye kambi na kwenye nyumba za watu waliopokea wageni, akiuliza. Wapo waliosema wamemwona binti anayefanana naye, kisha ikawa siye. Aliporudi Palma, zaidi ya mwaka baadaye, nyumba ilikuwa imesimama lakini uani hapakuwa hata na kifuniko. Waliokimbia walibeba walichoweza kupikia njiani, na hilo yeye halioni kuwa wizi. Kumbukumbu za nani ana chombo gani zilikuwa kwenye simu, na simu ilitumbukia baharini wakati wa kupanda boti.

Kingine nacho kilikuwa kimepotea, na hicho hakuna aliyekiona. Tangu binti azaliwe, mtaa mzima ulimwita Mama Rachida. Aliporudi watu wakaanza kumwita Bi Zaida.

"Walinionea huruma, najua. Hawakutaka kunigusa kidonda. Lakini mtu ukiitwa jina moja miaka ishirini na miwili, halafu siku moja sokoni hakuna anayekuita hivyo, unajiona kama umeingia mji wa wageni."

Akaanza kutafuta vyombo vyake kwa simu ya kuazima, mtu mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo alipoonwa na Hermínio, mtunza stoo wa jiko ndani ya uzio wa mradi wa gesi wa Afungi, mtu wa Nampula mwenye mvi zake za kwanza, aliyekuwa amepanga chumba kwa Nazira na kununua wali kwa Bi Zaida siku za mapumziko. Alimsikiliza akirudia maswali yale yale mchana kutwa, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mamã Zaida, kazi hii siku hizi inafanywa kwenye nuvem," alimwambia. Nuvem ni wingu kwa Kireno.

Maelezo ya Hermínio yalikuwa mepesi. Kuna huduma za mtandaoni zinazotunza hifadhidata, yaani ghala la taarifa lililopangwa kwa majedwali. Hununui mashine yoyote. Taarifa zinakaa kwenye kompyuta kubwa za wenye huduma, na ukiwa na vitu vichache hulipi. Aliyepewa ruhusa, awe Mtwara au Pemba, anaona jedwali lile lile na kurekebisha mstari wake. Simu ikizama, unanunua nyingine, unaingia kwa neno la siri, unakuta kila kitu mahali pake.

"Na mji ukichomwa?" aliuliza Bi Zaida.

"Haichomeki, Mamã. Haiko hapa."

"Basi nifungulie."

Kufungua kwenyewe kulikuwa na vituko. Kwanza alitakiwa awe na barua pepe, akafunguliwa. Kisha neno la siri liwe na herufi kubwa, namba na alama. Halafu mashine ikataka ihakikishe kwamba si roboti: achague picha zenye taa za kuongozea magari. Palma haina hata moja. Bi Zaida akabonyeza kila picha iliyokuwa na kitu cha kuwaka, taa za nguzo, taa za duka, hata jua lililokuwa linazama kwenye picha moja akalibonyeza nalo. Alikataliwa.

"Ikaniona roboti," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka hadi anashika kiuno. "Roboti na masizi haya!"

Mashine ikauliza taarifa zihifadhiwe nchi gani. Hermínio alichagua iliyo karibu zaidi kwenye orodha, Afrika Kusini. Nazira, aliyekuwa akisikiliza kwenye uzio, hakupendezwa na habari za wingu. Kwake, majina yanayopanda juu ni ya marehemu. Ndiyo maana mtaani Bi Zaida hatumii neno hilo, husema ghala.

Ubishi ulikuja kwenye jedwali. Safu zilikuwa nne: jina, mahali, mwangalizi na hali. Hermínio akaeleza kwamba kila mstari lazima utambulike kwa kitu kisichojirudia, na kilicho salama ni namba. Sufuria la kwanza liwe moja, la pili liwe mbili. Bi Zaida akakataa.

"Mashine inapenda namba, Mamã. Majina mawili yakifanana itagoma."

"Hayatafanana."

"Lakini kwa nini unajipa taabu?"

Bi Zaida anasema alimjibu akiwa amegeukia ukuta. "Nikimwita kumi na saba, nani atalitaja jina lake tena? Watu wameacha kuniita kwa jina lake. Limebaki kwenye sufuria tu. Mtu akinipigia akasema, 'Ati, Rachida umempata?' anauliza sufuria, lakini mie nasikia."

Hermínio hakubisha tena. Akaweka majina. Na safu ya hali akaiacha wazi, kila mtu aandike kwa maneno yake.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema kwa simu kutoka Nampula, alikorudi mkataba wake ulipokwisha. "Ingefaa niweke maneno machache ya kuchagua. Kiswahili changu ni cha sokoni. Sikujua kwamba herufi mbili zinaweza kumwumiza mtu."

Waangalizi walipatikana upesi kuliko walivyotarajia: watu wa Palma waliotawanyika, mmoja kijijini Olumbi, wawili Pemba, na Mwanaamina, mshonaji aliyevuka mto wa mpaka, Rovuma, na kubaki Mtwara. Kila mmoja alipewa ruhusa ya kuandika. Hermínio alitega pia taarifa fupi: mstari ukibadilika, simu ya Bi Zaida inatikisika na kuonyesha mambo mawili tu, jina na hali.

Zilikuwa wiki nzuri. Bi Kulthumu lilipatikana Olumbi. Mzungu lilikuwa Pemba, na mwangalizi aliandika kwamba limetoboka na linafugiwa bata. Bi Zaida alikuwa akipanda juu ya beseni, kwa kuwa sufuria la kupandia bado hakuwa nalo, na kumpigia Nazira kelele za habari. Hermínio alipoondoka, alimkabidhi usimamizi wote. "Sasa mie ndiye administradora," anasema kwa fahari isiyojificha. Baada ya hapo, jioni zake zilikuwa za kusubiri simu itikisike.

Siku ilipotikisika vibaya alikuwa Olumbi, anapikia harusi. Wali ulikuwa umekaribia kukauka. Akajifuta mkono kwenye kanga, akasoma.

Rachida. Yupo.

"Sikusoma mara ya pili," anasema. "Ungesoma wewe?"

Aliacha mwiko ndani ya wali akaenda barabarani. Waliokuwepo wanasema hakuaga, hakuvaa viatu, alikuwa akirudia tu, "Rachida yupo." Wali wa harusi nzima uliungua, na watu wakaula hivyo hivyo bila kulalamika, kwa sababu habari zilishaenea: mtoto wa Bi Zaida amepatikana.

Palma vigelegele vilimtangulia. Nazira alikuwa amefagia ua. Wanawake ambao hawakukanyaga hapa tangu vita walikuja na sukari, na mchele, na machozi. Aliyekabidhiwa mstari ule alikuwa mwangalizi wa Mtwara, kwa hiyo mtoto yuko Mtwara; ilibaki kumpigia tu. Lakini rede ilikuwa imekatika mji mzima.

"Jioni ile niliitwa Mama Rachida mpaka masikio yakazoea tena," anasema Bi Zaida. "Nilitandika kitanda chake. Nikapika wali wa watu wawili, kujaribu tu kama nakumbuka kipimo."

Mtandao ulirudi mchana wa kesho yake. Alipanda kwenye beseni, ua umejaa watu, akampigia Mwanaamina.

"Mpe simu mwanangu."

"Nani?" Mwanaamina akauliza. Bi Zaida akarudia. "Mwanaamina, mpe simu Rachida, hata kama amelala muamshe."

"Dada," Mwanaamina akasema. "Dada yangu. Mie nimeandika sufuria."

Tulimpata Mwanaamina kwa simu. Haikuwa rahisi kwake kusimulia. "Sote tunasema hivyo huko kwetu. Kulthumu yupo, Mzungu yupo. Nilifurahi kuliona lile sufuria, mkono ukaandika kabla ya akili. Nilipoisikia sauti yake nilitamani ningekuwa sijazaliwa."

Bi Zaida alishuka kwenye beseni akawaambia watu mwenyewe. Hakuna aliyejua pa kuweka mikono. Mmoja mmoja wakaondoka, na wengine hawajarudi mpaka leo. Hawana ubaya, wanaona haya kwa furaha waliyoifanya. Nazira alibaki. Alikula naye ule wali wa watu wawili, na sufuria likabaki tupu.

Siku iliyofuata Bi Zaida aliamua kufuta jedwali zima. Alijua pa kubonyeza. Lakini huduma hizi hazifuti kitu kikubwa kwa mguso mmoja. Maandishi yalitokea: Je, una uhakika?

"Nilisimama pale kidole kimeinuka," anasema. "Ikaniuliza kama nina uhakika. Nami sina uhakika wa kitu chochote tangu mwaka ule. Basi nikashindwa kubonyeza."

Kutobonyeza kule ndiko kulikoleta habari nyingine. Mwanaamina, kwa uchungu wa kosa lake, aliamua angalau kujua sufuria lilifikaje Mtwara. Alimtafuta mwanamke aliyelileta kwenye hitima ya jirani, mama wa watoto watatu aliyevuka mto na umati wa kwanza. Mama yule alisema hakulinunua wala hakuliokota. Porini, siku nyingi baada ya mji kushambuliwa, walikuwa kundi la watu wakipika mihogo ya kuokota, na chombo pekee kilikuwa cha binti mmoja aliyekuja nacho kichwani. Njia zilipoachana, wengine kuelekea mtoni na wengine bara, upande wa Nangade, binti alimpa yeye sufuria kwa sababu ana watoto. Kabla ya kuliachia aliligonga kwa kijiti na kusema maneno ambayo mama yule aliyaona ya ajabu, ndiyo maana aliyakumbuka.

La watu hilo, lirudi kwa watu.

Mwanaamina alipiga simu analia. Safari hii aliuliza kwanza, "Dada, umekaa?"

Mwandishi huyu hakupenda kuwa mtu wa kutia shaka mbele ya mama. Ilibidi. Wateja wengi wa Palma wanayajua maneno hayo, na mama wa watoto watatu hakumbuki sura ya binti wala hakumuuliza jina.

"Najua," Bi Zaida anajibu, bila hasira. "Wengi wananiigiza. Lakini sufuria aliondoka kulichukua nani? Na nani angebeba sufuria zito vile porini, kama si mtu aliyefundishwa kwamba halipotezwi?" Anakung'uta mchanga mikononi. "Alikuwa ananicheka akiwa mdogo. Akigonga vikombe vyake vya plastiki. Kumbe alikuwa anajifunza."

Sufuria lilivushwa, likafika Palma juu ya gari la mizigo la mfanyabiashara. Liko hapa uani, mpini mmoja umevunjika, tumbo limebonyea. Mwandishi huyu alidhani limewekwa kando kwa heshima. Kumbe jana lilikuwa harusini pamoja na Bi Kulthumu. "Likae bure kwa nini?" anauliza mwenyewe. "La watu."

Mpango wake ni kuongeza waangalizi: Nangade kwanza, halafu Mueda, halafu popote watu wa pwani walipoweka mafiga. Ameshapata wawili. Kazi yao ni kuuliza vyombo vya Palma vilivyofika huko na nani aliyevibeba, na kuandika. Si kwamba anahitaji miiko.

"Ukimuuliza mtu habari za aliyepotea, anainamisha macho, anataka muachane," anasema. "Ukimuuliza sufuria, anakaa. Anakuhadithia walipika nini, walikuwa na nani, nani aliwasha moto. Mie nasikiliza hapo."

Kutoka Nampula, Hermínio amemrekebishia safu ya hali. Hakuna tena kuandika kwa maneno yako. Waangalizi wana manne ya kuchagua: lipo, limeazimwa, limetoboka, halijulikani. Kuna la tano ambalo administradora peke yake anaweza kulichagua, na bado halijatumika. Ni neno yupo.

Ananionyesha jedwali, akisimama juu ya Bi Kulthumu ili lifunguke, nami nikishika kingo za sufuria asianguke. Mistari imepangana. Mmoja unasema Rachida, lipo, Palma. Chini yake kuna mwingine. Alipoufungua mashine iligoma, kama Hermínio alivyomwonya, kwa sababu jina hilo limeshachukuliwa na sufuria. Akalazimika kuongeza jina la baba: Rachida Aiuba.

Safu ya mahali haina kitu. Safu ya mwangalizi imeandikwa Mama Rachida. Kwenye hali amekataa kuweka "halijulikani," na hataki mtu mwingine amwekee, kwa hiyo kila akifungua, ukingo wa kisanduku hicho unakuwa mwekundu na onyo linatokea kwamba sehemu hii haipaswi kubaki tupu.

"Inasema nini hapo?" ninamuuliza, ingawa nimeshasoma.

"Inanihimiza nijaze." Anazima simu, anashuka, anavuta sufuria lenye mpini uliovunjika na kuchota mchanga. "Nayo isubiri," anasema, kisha anainama ndani.